Menengai Crater kwenye meza ya jikoni: kukusanya na kupiga picha vichwa vidogo vya treni, Nakuru hadi Kisumu

Mjukuu_wa_Fayamani (Nakuru)

Wapenzi wa reli, hamjambo.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu nilitaka kwanza nipate picha moja inayosimama yenyewe. Nimeipata na nimeiweka hapo juu. Ni kichwa cha treni chenye urefu wa sentimita 36, kimepigwa picha kwenye meza ya jikoni, na mke wangu alipoiona mara ya kwanza aliniuliza ni stesheni gani hiyo.

Ninakusanya modeli za vichwa vya treni. Ninavyo kumi na tisa. Cha kwanza nilikiokota kwenye mitumba hapa mjini, chini ya rundo la viatu vya watoto: kichwa cha kijani cha Kiingereza, ndoano ya nyuma imevunjika, ekseli imeviringishwa nywele na nyuzi za zulia. Muuzaji alikihesabu pamoja na vinyago vya plastiki. Nilikisafisha kwa spiriti na kijiti cha pamba, nikagusisha nyaya za betri ya volti 9 kwenye magurudumu, kikatetemeka, kisha kikaondoka mkononi mwangu. Siku hiyo ndiyo nilianza.

Kwa miaka mingi picha zangu zilikuwa mbaya. Nilivipanga mezani, nikasimama, nikainamisha simu, nikapiga. Zilikuwa safi na zenye mwanga, lakini kila nikizitazama niliona bidhaa inayotafutiwa mnunuzi. Nilidhani kasoro ni simu. Kumbe kasoro ilikuwa pale niliposimama.

Hebu kumbukeni tulivyoiona treni utotoni. Mtoto wa nyumba za reli anasimama kando ya njia, kichwa kinakuja, kinakua, mpaka kinaziba mbingu. Hakuna kati yetu aliyeiona treni akiwa juu ya paa lake. Macho ya mtu mzima yako kama mita 1.6 kutoka ardhini. Kwenye kipimo cha 1:87, ambacho ndicho kinachotumiwa zaidi duniani, hiyo ni milimita 18. Kwa hiyo lenzi yako lazima ishuke hadi milimita 18 kutoka ardhi ya modeli. Simu nyingi lenzi yake iko juu pembeni; ipindue, kichwa chini, uikalishe mezani mbele ya reli. Jaribuni leo jioni na kichwa chochote mlicho nacho. Tofauti mtaiona kabla hamjabonyeza.

Sasa nije kwenye kichwa chenyewe, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Babu yangu alikuwa fayamani, yule anayetunza moto wa boila kwenye kichwa cha mvuke. Alifariki nikiwa darasa la pili, na nilichobaki nacho ni picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe: amesimama kando ya gurudumu linalomfika kifuani, nyuma yake ni tumbo la Garratt. Namba haionekani. Nimekua nikimwazia ndani ya kile kibanda, jasho linamtoka, koleo mkononi.

Garratt kwa wasioijua: ni kichwa kimoja chenye injini mbili. Boila iko katikati, imening'inizwa kwenye fremu, na kila mwisho wa fremu kuna injini yake yenye silinda na magurudumu yake, inayoweza kugeuka kama shingo. Mbele hubeba tangi la maji, nyuma mafuta na maji zaidi. Kwa hiyo mashine ndefu sana inapinda kwenye kona kali, na uzito wake unagawanyika juu ya ekseli nyingi. Mwingereza Herbert Garratt aliiombea hataza mwaka 1907, na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester ikaijenga kwa miaka hamsini iliyofuata. Kwa nchi ya milima na reli ya upana wa mita moja kama yetu, ilikuwa kama imepimwa kwa kamba hapa hapa.

Shirika la Reli la Afrika Mashariki liliagiza 34 za klasi ya 59, zikajengwa 1955 na 1956. Kila moja tani 252, urefu zaidi ya mita 31. Hakuna kichwa cha mvuke chenye nguvu zaidi kilichowahi kutembea kwenye reli ya mita moja popote duniani. Zilipakwa rangi ya damu ya mzee na kila moja ikapewa jina la mlima: Mount Kenya, Mount Elgon, Mount Londiani, Mount Tinderet, Mount Eburu, Mount Longonot. Ya mwisho kabisa, namba 5934, iliitwa Menengai Crater.

Mimi nikifungua dirisha la jikoni ninauona ukingo wa Menengai. Nina vichwa kumi na nane vya Ujerumani, Uingereza na Marekani, na hiki cha mlangoni kwangu sikuwahi kukiona kwenye duka lolote ninalolifikia. Basi nikakijenga. Kadi ngumu, plastiki ya makopo ya aiskrimu, bomba la plastiki kwa boila, na chini yake chasi mbili za treni za kipimo cha TT, kwa sababu reli ya TT ina milimita 12, na mita moja ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5. Magurudumu ni madogo kuliko inavyotakiwa, hilo nalijua na linaniuma. Yaliyobaki nimeyapima kwa rula kutoka kwenye michoro na kutoka kwa zile mbili zilizosalia kwenye makumbusho ya reli Nairobi, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Nilikaa pale siku nzima na futi ya fundi cherehani.

Naomba maoni, hasa kuhusu picha.


Nyar_Nam (Kisumu)

Kaka Mjukuu, hongera. Mimi riziki yangu ni picha za harusi na mahafali hapa Kisumu. Treni nilianza mwaka juzi kwa ajili ya mwanangu, sasa nadhani ni zangu zaidi kuliko zake.

Kushusha lenzi umepatia kabisa. Lakini rudi uitazame picha yako. Namba ya mbele inasomeka vizuri, taa inaonekana hadi skrubu, ila kuanzia katikati ya boila kwenda nyuma kuna ukungu. Jicho la mtu limezoea: kitu kikiwa na ukungu wa namna hiyo linajua ni kidogo na kimepigwa karibu. Treni ya kweli ya mita 31 ukiipiga kutoka ng'ambo ya njia huwa kali kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Ukungu ndio unaokusaliti, hata kuliko magurudumu.

Kadiri unavyosogea karibu, ndivyo sehemu kali inavyozidi kuwa nyembamba. Kwa hiyo fanya kinyume cha hamu yako: rudi nyuma. Piga ukiwa mbali mara mbili ya sasa, kisha kata kingo za picha baadaye. Ukiwa na kamera, funga tundu la lenzi hadi f/11 au f/16 na uiache ichukue muda wake juu ya kistendi. Ukiwa na simu, ifunge isitikisike, piga picha tano au sita, kila moja umegusa sehemu tofauti ya kichwa kwenye kioo, halafu ziunganishe kwa programu ya kompyuta inayochagua sehemu kali ya kila picha. Ni kazi ya nusu saa. Mimi huwa naifanya usiku mtoto akilala.

Mwanga sasa. Mmulimuli wa simu usiuguse. Jikoni kwako naona taa ya dari imetoa vivuli viwili chini ya tangi, na dunia yetu ina jua moja. Zima taa zote, tumia dirisha moja, upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ya manila irudishe mwanga kidogo kwenye magurudumu. Ukitoka nje, usitoke saa sita. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Saa sita jua liko utosini, paa la kibanda litang'aa na magurudumu yote yatazama gizani, na Garratt bila magurudumu ni tangi tu. Toka saa moja na nusu asubuhi, au saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala. Wapiga picha wa treni kubwa nao huvizia saa hizo hizo.

Na nikupe siri moja niliyoipata Dunga. Niliweka ubao wenye reli juu ya stuli ufukoni, nyuma yake ziwa tupu. Lenzi nimeishusha milimita 18 kama usemavyo. Upeo wa ziwa ukakaa wenyewe usawa wa macho ya mtu aliyesimama kando ya treni, pale pale ambapo ungekaa kwa treni ya kweli. Upeo daima hukaa sawa na jicho la anayetazama. Ndiyo maana picha ya kutoka juu haiwezi kuaminika hata ukiweka mandhari mazuri kiasi gani: upeo umepanda juu ya dohani, na akili inakataa. Ukitaka Menengai halisi iwe nyuma ya Menengai Crater yako, ipeleke nje, milima itajipanga yenyewe.

Ukienda ziwani nenda asubuhi. Alasiri upepo unaweza kuangusha mabehewa.


Chipukizi_Eldoret

Ndugu zangu, nina kichwa kimoja tu, nimepewa zawadi na mjomba kutoka Uingereza. Kwenye boksi imeandikwa OO. Naweza kukitumia na reli za HO? Na ninunue nini baadaye? Nina hofu ya kuuziwa kitu kibovu.


Mjukuu_wa_Fayamani (Nakuru)

Chipukizi, karibu sana. OO ni kipimo cha Waingereza cha 1:76, HO ni 1:87, lakini vyote viwili hutembea kwenye reli ya milimita 16.5, kwa hiyo kitatembea bila shida. Kitaonekana kinono kidogo kando ya behewa la HO, basi.

Zidisha 16.5 kwa 87 na utapata milimita 1,435. Huo ni upana wa SGR. Yaani reli ya HO unayouziwa dukani ni SGR ndogo. Ukiijenga treni ya zamani ya Kenya juu yake, umeipanulia miguu karibu nusu mita. Wengi wetu tunafanya hivyo kwa sababu chasi za milimita 16.5 ndizo zinazopatikana, na simlaumu mtu, lakini picha ya mbele kwa mbele itaonyesha. Piga ya ubavu.

Kuhusu kununua. Kwanza kigeuze chali uzungushe magurudumu kwa kidole. Yakiwa magumu mara nyingi ni grisi iliyoganda, isafishe, tia tone moja la mafuta mepesi ya cherehani kwenye ekseli, tone moja tu. Pili, kitazame kama kina nyufa ndogo kama za udongo mkavu au chuma kilichovimba. Vichwa vya zamani vya kumimina kwa zinki, hasa vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, vingine vilichanganyika na madini ya risasi kiwandani, na zinki ya namna hiyo huoza kutoka ndani. Hakuna dawa. Mimi niliagiza kimoja kutoka ng'ambo, kwenye picha ya muuzaji kilikuwa kizuri, nilipofungua kifurushi chasi ilikuwa vipande sita. Muuzaji hakujibu tena. Tangu hapo naomba picha ya tumbo la kichwa kabla ya kulipa, na asiyenitumia simnunulii.

Na boksi la mjomba usilitupe.


Mzee_wa_Kibos

Nimesoma yote kwa utulivu, mjukuu wangu mmoja ananiandikia. Niliingia reli mwaka 1968 kama kijana wa kusafisha vichwa, nikastaafu nikiwa dereva. Miaka yangu mingi ilikuwa kati ya Nakuru na Kisumu.

Wewe unayejiita Mjukuu wa Fayamani, kazi yako ni nzuri, na kwa kuwa ni nzuri nitaisahihisha.

La kwanza. Klasi ya 59 ilijengwa kwa ajili ya njia kuu ya Mombasa na Nairobi, kwenye reli nzito. Ekseli moja iliweza kubeba tani 21. Uzito huo haupeleki popote unapotaka. Jina Menengai ni la kwenu Nakuru, lakini jasho la mashine ile lilimwagika Tsavo na Ukambani. Ukiniwekea 5934 inashuka Fort Ternan kwenda Kisumu, macho yangu yatakataa. Ukitaka Garratt iliyotengenezwa kwa reli nyepesi, jenga klasi ya 60. Magurudumu yake yamepangwa vilevile, lakini ekseli yake ilikuwa kama tani 11 tu. Zilipewa majina ya magavana wa Kiingereza, na baada ya uhuru vibao hivyo viling'olewa. Kwa hiyo ukiweka kibao au ukikiacha, tayari umeniambia ni mwaka gani.

La pili, uchafu. Umepuliza vumbi jekundu kila mahali kama gari la kokoto. Mimi nilivisafisha vichwa hivyo kwa mikono hii, nisikilize. Masizi mazito meusi hukaa juu, kuanzia dohani kurudi nyuma hadi paa la kibanda. Kando ya mdomo wa tangi la mafuta kuna michirizi mizito inayometa, haikauki. Chini ya valvu na mabomba ya maji ya boila kuna mistari myeupe ya chokaa, kama machozi yaliyokauka. Fito za magurudumu zina grisi. Vumbi jekundu liko chini tu, kwenye magurudumu na ngazi. Na ubavuni, kwenye ile rangi ya damu ya mzee, kuna sehemu inayong'aa mahali ambapo vijana walipitisha vitambaa walipofika. Juu ya mikono yetu hapakufika, hapo paliachwa.

La tatu, dohani. Umeiweka ya mviringo. Zilipoletwa zilikuwa hivyo, lakini baadaye zilifungwa dohani bapa ya Giesl, yule mhandisi wa Austria, ili zivute moshi vizuri na kupunguza mafuta. Ukitazama kutoka mbele ni nyembamba, kutoka ubavuni ni ndefu. Niliyoikuta mimi ni hiyo.


Nyar_Nam (Kisumu)

Jaduong', asante sana. Hiyo mistari ya chokaa nimeitafuta kwenye picha za zamani bila kujua ni nini. Nilidhani ni filamu iliyokwaruzwa.


Mjukuu_wa_Fayamani (Nakuru)

Mzee wangu, nimekusoma mara tatu. Dohani nitaing'oa kesho. Vumbi nitaliosha.

Kwenye 5934 lakini naomba uniruhusu nibaki nayo. Najua ilifanya kazi upande wa Nairobi na Mombasa. Ninachotaka ni jina lile lionekane kando ya mlima wake, hata kama ni mezani tu. Nitaandika chini ya picha kwamba ni tamaa yangu na si historia. Klasi ya 60 nitaijenga ya pili, na hiyo nitaiweka kwenye njia yako.


Mzee_wa_Kibos

Ukiandika hivyo chini ya picha, sina neno.

Na ukiijenga njia yangu, ijenge kwa mteremko. Kutoka Mau Summit hadi ziwani unashuka kama mita 1,400. Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, ndipo ardhi inalala na miwa inaanza: Chemelil, Kibigori, Miwani, Kibos. Kazi ya dereva kwenda Kisumu haikuwa kuvuta, ilikuwa kuzuia. Harufu ya breki za moto ikichanganyika na mvua ya Koru, hiyo huwezi kuipiga picha, lakini moshi mwembamba wa bluu kwenye magurudumu ya mabehewa unaweza kuupaka. Waliojenga sehemu hiyo mwaka 1900 na 1901 walihitaji madaraja marefu ya chuma 27, yakaletwa na kampuni ya American Bridge kutoka Marekani. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, wakati huo Kisumu wakiiita Port Florence.


Bati_na_Waya (Kibuye, Kisumu)

Wakubwa, mimi ni fundi wa bati hapa Kibuye. Natengeneza makarai, masanduku ya shule na taa. Utotoni nilikuwa mfalme wa magari ya waya mtaani kwetu, kuna lori nililitengenezea springi za mpira na likabeba kuku. Sijawahi kuwa na treni ya dukani, lakini nikiwasoma mikono inawasha.

Swali: mbona mnajitesa na vitu vya milimita 12? Kuna kipimo kikubwa ambacho bati linaweza kukitii?


Mjukuu_wa_Fayamani (Nakuru)

Fundi! Kipo, na kinatufaa sisi kuliko mtu yeyote. Kinaitwa G, kipimo cha 1:22.5. Kilienezwa na kampuni ya LGB ya Ujerumani tangu 1968, treni za kutembea bustanini. Reli yake ina milimita 45. Zidisha 45 kwa 22.5: milimita 1,012. Ni reli yetu ya mita moja karibu sawasawa. Waliichagua kwa sababu wao nao wana reli za mita moja milimani.

Vipimo vya klasi ya 59 kwa G: urefu wote kama mita 1.4. Gurudumu la kuvutia lilikuwa na kipenyo cha futi 4 na inchi 6, yaani milimita 1,372, kwa hiyo kwako ni milimita 61. Yako kumi na sita. Kipenyo cha boila kilikuwa futi 7 na nusu, kwako ni sentimita 10. Nakutumia michoro jioni hii.


Bati_na_Waya (Kibuye, Kisumu)

Sentimita 10 ni kopo la maziwa ya unga la kilo moja, labda nipunguze mshono kidogo. Milimita 61 nitachonga mti wa mpera niuzungushie pete ya chuma. Tuma.


Msafiri_wa_Luanda

Naomba niingize la dizeli. Sisi vijana mvuke hatukuuona. Treni yangu ni ile ya abiria iliyorudi Kisumu Desemba 2021 baada ya reli ya zamani kutoka Nakuru kukarabatiwa. Kabla ya hapo, kwetu tawi la Butere, linalopita Luanda na Yala, ng'ombe walikuwa wanalala juu ya mataruma. Nilipoisikia honi tena nilikimbia kama mtoto.

Ombi langu ni kwamba vichwa vinavyofanya kazi sasa, vile vya General Electric vya klasi ya 93 vilivyoletwa mwishoni mwa miaka ya 1970, tuvipime na kuvipiga picha leo vikiwa hai. Mzee hapa anatuambia mahali chokaa kilipotiririka kwa sababu bado yupo. Nani atawaambia wajukuu zetu kutu ya klasi ya 93 ilianzia wapi? Mimi nimeanza. Namwomba stesheni masta ruhusa kwanza, hajawahi kuninyima. Nasimama mbali, ubavu kwa ubavu, na rafiki yangu anashika fito ya mita mbili niliyoipaka nyeusi na nyeupe kila sentimita 10. Ukiwa na fito hiyo kwenye picha unaweza kupima kila dirisha na kila ngazi baadaye. Piga na paa ukiwa kwenye daraja la waenda kwa miguu. Paa ndilo linalosahaulika.


Nyar_Nam (Kisumu)

Hiyo fito ni akili kubwa. Piga na kila kipande cha rangi siku ya mawingu, rangi hazitadanganya.


Bati_na_Waya (Kibuye, Kisumu)

Wiki tano baadaye. Injini ya mbele imesimama. Magurudumu manane ya kuvutia, manne madogo mbele, mawili nyuma yake. Nimeikata reli ya majaribio kwenye chuma bapa, nikaipinda kona kali kuliko ile mliyoniambia. Nilipoiunganisha na fremu ya boila na kuisukuma kwa mkono, injini iligeuka ikaifuata kona, boila ikabaki inatazama mbele. Nimekaa chini nikaisukuma tena. Nimeisukuma labda mara thelathini. Wateja wawili wameondoka bila makarai.

Sasa nimeelewa kwa nini yule Garratt aliitengeneza hivyo.


Mjukuu_wa_Fayamani (Nakuru)

Fundi, nimeonyesha video yako kila mtu nyumbani.

Mimi nami nimerudi. Picha mpya nimeiweka. Dohani ni bapa. Vumbi limebaki chini tu. Chokaa nimekichora kwa rangi nyeupe iliyozimuliwa maji mengi na brashi ya unywele mmoja. Kokoto ni mchanga wa mtoni niliouchekecha mara mbili kwa chujio la chai, maana kokoto ya sentimita 5 kwenye reli kubwa inakuwa nusu milimita tu kwetu. Nilitoka nje saa kumi na mbili kasorobo jioni, ubao juu ya ukuta wa nyuma ya nyumba, Menengai yenyewe nyuma, picha saba nikaziunganisha kama dada alivyofundisha. Upeo umekaa palepale aliposema.

Na nimeongeza mtu. Ana milimita 20, nilimpata kwenye pakiti ya sanamu za wafanyakazi wa reli wa Ujerumani. Nimempaka ngozi yetu na kofia ya babu, nikamsimamisha mlangoni mwa kibanda. Koleo liko mkononi.


Mzee_wa_Kibos

Picha imekaa. Nimemwita mama yenu aje aitazame, ameniuliza kama ndiyo ile ya siku zile.

Ila mwondolee koleo huyo mtu. Klasi ya 59 ilikuwa ya mafuta, na 60 vilevile. Babu yako, kama alikuwa fayamani miaka hiyo, hakuchota makaa. Alikaa mbele ya valvu, mkono mmoja kwenye mafuta, mwingine kwenye mvuke wa kuyapuliza, na macho yake yalikuwa kwenye ncha ya dohani. Moshi ukiwa mweusi anapunguza mafuta. Ukitoweka kabisa anaongeza kidogo, maana hewa imezidi na boila inapoa. Alitakiwa kuuweka kama ukungu mwembamba wa kijivu, kutoka Nakuru hadi Mau Summit, saa zote hizo, bila kuutazama mlima wala watu wanaopunga mikono. Fayamani mzuri alijulikana kwa rangi ya moshi wake kabla treni haijafika. Tulikuwa tunasema, huyo anayekuja ni fulani.


Mjukuu_wa_Fayamani (Nakuru)

Mzee, miaka yote hii nimemwazia na koleo.

Nimelikata sasa hivi kwa wembe. Nimempindua kiwiliwili kidogo atazame juu, kwenye dohani. Moshi nitauweka wa pamba iliyochambuliwa, kijivu chepesi. Kesho jioni jua likilala nitapiga tena, nitaipandisha hapa.